Simu Isiyopatikana Amboseli: Kisa cha Kampuni ya Uchukuzi ya Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Kampuni inayosimuliwa hapa ipo Nairobi na bado inafanya kazi. Jina lake, majina ya wahusika, kambi waliyofikia na tarehe za safari nimeviondoa, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mimi sikuwa safarini. Niliitwa miezi kadhaa baadaye, mkurugenzi alipotaka kujua kama pesa alizotoa zilimletea chochote. Nilizungumza na mameneja mmoja mmoja, na wasimamizi wa zamu ya usiku, na dereva aliyewatembeza mbugani. Nilisoma pia kumbukumbu za mikutano, pamoja na barua moja ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na nguvu kuliko safari nzima.

Usuli

Kazi ya kampuni ni kubeba maua. Malori yake yenye friji huyachukua kwenye mashamba ya Naivasha na ya pande za Mlima Kenya, huyashusha kwenye maghala ya baridi pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), na kutoka hapo maua hupanda ndege za usiku kwenda Ulaya, mengi yakielekea Uholanzi. Ua likishakatwa halingoji mtu. Friji ikizimika njiani kwa muda tu, sanduku linaloonekana zima kwa macho hukataliwa likipimwa joto, au huuzwa kwa bei ya kutupa huko liendako. Kuanzia katikati ya Januari hadi siku chache kabla ya tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, yadi haina usiku wala mchana.

Mkurugenzi alianza na lori moja kuukuu, dereva akiwa yeye mwenyewe. Barabara ya Mai Mahiu anaijua kona kwa kona. Anajua fundi yupi wa friji Naivasha hushika simu saa nane za usiku na yupi huizima, mlinzi yupi wa shamba hufungua geti bila maneno mengi, mteja yupi hupiga kelele na bado hulipa. Kwa miaka mingi ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji mkubwa wa kampuni. Malori yalipoongezeka, ujuzi uleule ukawa kizuizi, kwa sababu ulikaa kwenye kichwa kimoja. Pesa za mafuta za ziada, kukodi lori la nje, kuhamisha mzigo barabarani, kumwahidi mteja fidia: yote yalingoja neno lake. Wasimamizi wa usiku walikuwa na cheo bila rungu. Kazi yao hasa ilikuwa kumwamsha bosi.

Mwenyewe alilala na simu kifuani. Mke wake, nilivyosimuliwa, alikuwa amehamia chumba cha watoto.

Msimu huo mambo yalifika shingoni. Meneja wa oparesheni aliacha kazi katikati ya Januari kwa ujumbe wa WhatsApp, tena si mrefu. Mhasibu mkuu aliomba likizo bila malipo. Mkurugenzi alimpeleka mtoto kliniki akapimwa na yeye kwa kupita tu, akaambiwa presha yake haifai hata kuendesha gari siku hiyo. Ndipo afisa wa rasilimali watu alipoandika pendekezo la ukurasa mmoja: mameneja tisa waende mbugani siku tatu, wapumzike na wajifunze uongozi kutoka kwa wanyama.

Mhasibu alisema bonasi ingegharimu kidogo zaidi na watu wangefurahi zaidi. Hoja yake iliandikwa kwenye kumbukumbu, ikaachwa hapo.

Maamuzi kabla ya kuondoka

Swali la kwanza lilikuwa waende wapi, na nalipenda jibu lake kwa sababu lilitolewa na watu wanaomjua bosi wao. Wengi walitaka Maasai Mara. Lakini kutoka Nairobi kwenda Mara kwa gari unapita Mai Mahiu, barabara ileile ya malori yao. "Mzee angesimamisha gari kila akiona lori letu," msimamizi wa magari aliniambia. "Tungefika Narok usiku." Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilikuwa karibu mno. Ni mbuga ya kwanza ya taifa nchini, ya mwaka 1946, kilomita za mraba 117 tu, unaweza kumtazama faru ukiwa na maghorofa ya mji nyuma yake, na netiweki imejaa kila kona. Kutoka hapo hadi yadini si mbali. Wakachagua Amboseli: Barabara ya Mombasa hadi Emali, kisha kukata kulia kuelekea Kimana.

Swali la pili, nani aende, halikujadiliwa hata kidogo. Mameneja walienda. Madereva, utingo na wasimamizi wa usiku, waliobeba msimu mabegani, walibaki.

Swali la tatu lilikuwa nani ashike mamlaka yadini, na hilo liliamuliwa jioni ya kuamkia safari. Kambi iliwapigia simu kuwakumbusha kwamba netiweki hupatikana mapokezi tu, na mara nyingine hata hapo haipo. Mkurugenzi alifikiria kuahirisha. Afisa wa rasilimali watu alikuwa amekwisha lipa. Hatimaye akaandika kwa mkono, kwenye karatasi ya risiti, kwamba wasimamizi wawili wa usiku wanaweza kutumia pesa hadi kiwango fulani bila kumpigia. Kiwango kilikuwa kidogo. Kilitosha gurudumu na mafuta, hakikutosha kukodi lori.

Ieleweke kwamba hakuna aliyepanga kugawa madaraka. Karatasi ile ilizaliwa na ubovu wa netiweki.

Ratiba nayo ilijaa hadi pomoni. Kila jioni kulikuwa na somo, na kila somo lilikuwa na mnyama wake. La kwanza liliitwa "Sifa Saba za Simba".

Siku tatu Amboseli

Njia nzima hadi Emali mkurugenzi alikuwa kwenye simu. Baada ya Kimana mistari ya netiweki ilipungua mmoja mmoja, na dereva anakumbuka jinsi alivyoiinua simu hadi kwenye paa lililofunguliwa, mkono nje, kama anayeomba lifti kwa mawingu.

Somo la simba lilikufa usiku wa kwanza. Afisa alikuwa akieleza kwamba simba dume ni kielelezo cha bidii, mhasibu akamgeukia dereva, aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake, akamuuliza simba dume hulala saa ngapi kwa siku. Dereva hakutaka kuharibu kazi ya mtu. Alipobanwa akasema: saa kumi na sita, hata ishirini, na uwindaji mwingi hufanywa na majike. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Afisa, na hapa nampongeza, aliifunga kompyuta yake na hakuifungua tena hadi waliporudi Nairobi.

Asubuhi ya pili ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Amboseli ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 392, na msimu wa kiangazi sehemu kubwa yake ni vumbi jeupe. Kinachoiweka hai ni maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro na kuibuka kwenye vinamasi. Ndovu wengi hutoka kwenye vichaka vya nje alfajiri, hushinda kwenye kinamasi, kisha hurudi jioni. Dereva aliyajua mapito yao. Aliegesha karibu na kinamasi cha Enkongo Narok, akazima injini, akawaambia wageni wake jambo moja: msiongee, msisimame, ngojeni.

Walingoja sana. Mkurugenzi aliniambia kwamba mwanzoni alihisi mwasho kwenye viganja, hamu ya kushika simu ambayo hakuwa nayo mkononi. Alikuwa hajawahi kukaa kimya mbele ya wafanyakazi wake kwa muda mrefu namna hiyo, na wao hawakuwahi kumwona hivyo.

Kisha familia ikatokea kwenye vumbi, ikiongozwa na jike mzee, sikio la kushoto limechanika kama jani la mgomba. Alifika ukingoni mwa barabara akasimama. Akainua mguu mmoja wa mbele, akauning'iniza, akaupeleka mbele na nyuma bila kuuweka chini. Mkonga ukapanda, ncha yake ikageuzwa kulielekea gari. Nyuma yake hakuna aliyesukuma. Ndama wawili waliingia chini ya matumbo ya mama zao. Ndovu kijana mmoja alijaribu kupita kando, jike mwingine akamzuia kwa kiuno bila hata kumtazama. Muda ukapita. Halafu ukasikika mngurumo wa chini sana. Msimamizi wa magari anasema aliusikia kwenye kiti kabla ya kuusikia masikioni. Mguu ukawekwa chini, na familia nzima ikavuka kwa pamoja.

Mkurugenzi akanong'ona: "Nani ameamua?"

Dereva aliwaeleza anayoyajua, nayo si machache, maana ndovu wa Amboseli wamefuatiliwa familia kwa familia tangu 1972, Cynthia Moss alipoanzisha utafiti huko, wakitambuliwa kwa alama za masikio. Familia huongozwa na jike mkubwa kwa umri. Watafiti wamewachezea sauti zilizorekodiwa na kuona kwamba familia zenye kiongozi mzee hutofautisha vizuri zaidi sauti za ndovu wanaowafahamu na za wageni. Matokeo hayo yalichapishwa 2001. Mwaka 2011 yakaja mengine: viongozi wazee zaidi ndio waliokuwa makini kuliko wengine waliposikia ngurumo ya simba dume, ambaye kwa ndama ni hatari kuliko simba jike.

Chakula cha mchana kilipofika, mkurugenzi alisimama akiwa na furaha ambayo hawakuiona tangu Desemba. "Mmemwona yule mama? Wote walimngoja yeye. Penye wazee haliharibiki neno. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa kila usiku."

Kimya kikatanda. Baada ya muda mhasibu akauliza, kwa sauti ya chini na bila dharau: "Na akifa, Mzee?"

Mkurugenzi akamtazama dereva, kana kwamba swali lilikuwa la dereva. Naye akajibu alichojua. Ukame wa 2009 uliua ndovu wengi Amboseli, wakiwemo majike wakubwa waliokuwa viongozi. Familia zilizompoteza kiongozi hazikumalizika, lakini zilibaki na jike mdogo aliyejikuta mbele, na kwa alivyoona yeye, zilizokuwa salama kidogo ni zile ambazo kulikuwa na wa pili aliyekuwa akitembea ubavuni mwa kiongozi kwa miaka mingi.

Hakuna aliyesema zaidi. Mchana huo walilala. Wanne kati ya tisa waliniambia ulikuwa usingizi wao wa kwanza wa mchana tangu Krismasi, na mmoja alisema aliamka hajui yuko wapi, akafurahi.

Usiku wa pili, Mai Mahiu

Huku nyuma, lori lililobeba maua ya mteja mkubwa lilizimika friji likiwa linapanda mteremko wa Mai Mahiu. Dereva alipiga yadini. Msimamizi wa zamu, kijana ambaye hajamaliza miaka mitatu kwenye kampuni, alimpigia mkurugenzi. Hapatikani. Akapiga tena na tena. Akaiangalia karatasi ya risiti iliyobandikwa ukutani: kiwango hakitoshi.

Alichofanya alinieleza akiwa bado ana wasiwasi, ingawa miezi ilikuwa imepita. Alimpigia mwenzake aliyekuwa nyumbani. Wakakubaliana kwamba kutuma lori lao kutoka Industrial Area kungechukua muda ambao ndege isingengoja. Wakampigia msimamizi wa kampuni pinzani, ambaye lori lake lilikuwa Limuru likirudi tupu. Wakaahidi malipo yaliyozidi kiwango mara mbili na zaidi. Masanduku yalihamishwa kando ya barabara, kwenye baridi ile ya usiku, utingo wa kampuni mbili wakisaidiana kwa mwanga wa tochi za simu. Mzigo uliwahi ndege. Masanduku machache yalikataliwa kwenye kipimo cha joto.

Asubuhi mkurugenzi alitembea hadi mapokezi, simu ikapata netiweki, ikaanza kutetemeka bila kukoma. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Tumeshughulikia bosi. Mzigo umeenda. Pumzika."

Alikasirika. Alipiga simu mfululizo, gari likiwa linamngoja, mpaka wenzake wakaondoka bila yeye kwenda kupanda kilima cha Noomotio, mahali pachache Amboseli ambapo mgeni huruhusiwa kushuka na kutembea. Alifika huko amechelewa, kwa gari la kambi, akapanda ngazi akihema. Mhasibu alikuwa ameketi juu akitazama vinamasi. Mkurugenzi akamuuliza ingegharimu kiasi gani kama yeye mwenyewe angepokea ile simu. Wakapiga hesabu palepale. Yeye angetuma lori lake kutoka yadini. Lisingewahi ndege. Mzigo wote ungeharibika.

Kwa maneno yake mwenyewe kwangu: "Niliona wamefanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi, na niliumia."

Kurudi Nairobi: barua

Walirudi Jumamosi jioni. Jumanne, kwa utaratibu wa kawaida wa uhasibu, karani aliona malipo yaliyozidi kiwango, akachapa barua ya kumtaka msimamizi wa usiku ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Ilisainiwa kwenye rundo la karatasi nyingine. Mkurugenzi anasema hakuisoma. Namwamini, na sidhani kama inabadilisha kitu.

Kijana alijieleza kwa kurasa mbili. Hakuna aliyemjibu kwa muda wa zaidi ya wiki. Wakati huo mameneja waliorudi wamepumzika walikuwa bado wanatumiana picha za ndovu kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, kundi ambalo na yeye yumo.

Kisha ukafika msimu wa Siku ya Mama ya Uingereza, ambayo huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wasimamizi wa usiku walirudia kumwamsha mkurugenzi kwa kila jambo, hata yale yaliyo ndani ya kiwango. Mmoja aliniambia wazi: "Nikimwamsha, kosa ni lake. Nikimwacha alale, barua ni yangu."

Ni mhasibu aliyegundua, alipokuwa akitafuta risiti nyingine. Aliichukua barua hadi ofisini kwa mkurugenzi, akaiweka mezani, akasema, "Mzee, ndama wako huyu." Siku hiyohiyo barua iliondolewa kwenye faili, na mkurugenzi akashuka yadini usiku, akamwomba kijana radhi mbele ya zamu nzima. Kwa mtu wa umri wake na tabia yake, si jambo dogo.

Matokeo

Kiwango kiliandikwa upya, mara hii mchana na kwa kuwashirikisha wanaokitumia. Kuhamisha mzigo na kukodi lori la nje sasa ni uamuzi wa wasimamizi wawili wakikubaliana. Mkurugenzi anapewa taarifa asubuhi. Simu za usiku hazikuisha, ila wiki nyingine hupita bila hata moja. Mke amerudi chumbani, jambo ambalo mkurugenzi alilitaja kabla ya faida.

Meneja mpya wa oparesheni aliajiriwa Mei. Msimamizi wa magari, aliyelisifu sana somo la kinamasi, aliacha kazi Juni. Alisema hakuwa na ugomvi na mtu, alichoka tu. Mhasibu hakuchukua likizo aliyoiomba, na hajapewa msaidizi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi Amboseli, kwa maoni yangu, ni kwanza ukosefu wa netiweki, pili dereva, tatu ndovu. Kukosekana kwa mkurugenzi ndiko kulikofichua kwamba yadi ina watu wenye akili. Angeenda Mombasa akakaa hotelini bila simu, lori lingezimika vilevile na kijana angeamua vilevile. Lakini mtu wa namna yake hakai hotelini bila simu. Mbuga ilimlazimisha, na ilimpa jambo la kutazama wakati mikono yake haina kazi. Hapo ndipo naona thamani ya safari kwa kiongozi aliyechoka: huwekwa mahali ambapo uharaka wake haumsaidii. Ndovu havuki barabara upesi kwa sababu kuna mtu muhimu garini.

Dereva naye hakufundisha. Alizima injini, akangoja, akajibu alipoulizwa. Swali la "na akifa?" lingeulizwa kwenye ukumbi wa mikutano Nairobi, lingeonekana uasi. Mezani kambini lilikuwa swali kuhusu ndovu. Mhasibu alilijua hilo vizuri sana, na alilitumia.

Hata hivyo, masomo ya uongozi kutoka kwa wanyama yana mtego, na mkurugenzi aliuingia mzimamzima: kila mtu huchagua mnyama anayemwambia anachotaka kusikia. Yeye alimwona jike mkuu akajiona. Hakuona kwamba maarifa ya jike yule yanafaa kwa sababu wengine wanatembea naye kila siku, wanaona anapogeukia na anachokwepa. Wanajua ndovu wa Tarangire, Tanzania, maana ya kuvunjika kwa mnyororo huo. Katika ukame wa 1993, familia zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko zile zilizobaki. Watafiti walihusisha hilo na majike wazee waliokuwa hai wakati wa ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kundi lililobaki lilikuwa limeporwa wazee wake na majangili. Kampuni inayopoteza meneja wa oparesheni Januari na msimamizi wa magari Juni ina jangili wake pia, naye ni mzigo wa kazi. Hilo halikuguswa na safari.

Kama mkurugenzi angechagua nyani angepata hadithi nyingine. Huko Mpala, Laikipia, watafiti waliwavisha nyani wa kundi moja vidani vya GPS na kufuatilia kila hatua yao; matokeo yalichapishwa 2015. Nyani mkubwa kwa cheo hakufuatwa zaidi ya wengine. Yeyote angeweza kuanza kuondoka, na kundi liliwafuata pale wengi walipokubaliana upande. Pande mbili zikitofautiana kidogo, nyani walipita katikati. Zikitofautiana sana, walichagua mmoja. Wasimamizi wawili walioamua kwa simu usiku ule walikuwa karibu na nyani wa Mpala kuliko na ndovu yeyote. Lakini sitaki kuuza nyani mahali pa simba. Nyani hawana maua ya kuwahisha ndege, na mteja hamtafuti nyani wa kumlaumu. Utafiti huo unafaa kwa kazi moja: kuonyesha kwamba kundi laweza kwenda mahali pazuri bila kuongozwa na aliye juu, kwa hiyo hoja ya "haiwezekani" imefungwa. Inayobaki ni hoja ya nani alipe kosa likitokea.

Na hapo ndipo barua ilipovunja zaidi ya kilichojengwa. Watu wa yadini hawakuwa na habari ya kinamasi wala ya swali la mhasibu. Walichojua ni kwamba mwenzao aliokoa mzigo akapewa barua. Utaratibu wa karani ulikuwa sahihi kwa kanuni ya zamani, na kanuni ya zamani ilikuwa bado ndiyo kanuni, maana karatasi ya risiti haikuwahi kuingia kwenye mfumo wa uhasibu. Mkurugenzi alibadilika juu ya kilima cha Noomotio. Kampuni haikubadilika popote. Kama kungekuwa na saa moja tu Jumatatu asubuhi, mkurugenzi, mhasibu na wasimamizi wa usiku pamoja, ya kupitia kilichotokea Mai Mahiu, barua isingechapwa.

Kosa la kuwaacha wasimamizi wa usiku nyumbani halikuwa la moyo mgumu. Hakuna aliyewafikiria. Lakini nguvu mpya ya mameneja tisa, kwa walivyonieleza wenyewe, ilidumu kama wiki mbili. Mmoja alisema iliisha kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa siku ileile ya kurudi. Waliokuwa wamechoka zaidi walibaki na uchovu wao, na picha.

Kuna jambo moja ambalo bado ni mapema kulihukumu. Robert Sapolsky, aliyefuatilia nyani wa Maasai Mara kwa miaka mingi, aliona kundi ambalo madume yake makali zaidi yalikufa kwa kifua kikuu katikati ya miaka ya 1980, baada ya kula nyama mbovu kwenye jalala la loji ya watalii, jalala walilokuwa wakilipigania. Kundi likawa na amani zaidi. La kushangaza ni kwamba miaka kumi baadaye, madume wote wakiwa wageni waliohamia kutoka nje, utulivu ule ulikuwa bado upo. Wageni walijifunza kutokana na jinsi walivyopokewa. Meneja mpya wa oparesheni ametoka kwenye kampuni ambayo bosi huamshwa kwa kila gurudumu. Wiki yake ya kwanza aliwaagiza wasimamizi wampigie yeye usiku, kwa jambo lolote. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwonyesha kanuni mpya ukutani, wakaendelea na kazi. Mpaka nilipomaliza mahojiano hajaiondoa.

Ya mwaka ujao yanajadiliwa. Mkurugenzi anataka kurudi Amboseli na mameneja walewale. Mhasibu amependekeza zamu ndogo ndogo za madereva, utingo na wasimamizi wa usiku katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, siku moja moja, kuanzia lango linapofunguliwa alfajiri, simu zikiachwa yadini kwa anayeshika zamu. Ameambatisha hesabu. Kwa pesa za mameneja tisa, yadi nzima ingeenda, na ingebaki ya kumlipa msaidizi wa uhasibu kwa miezi michache.